Tumbo la Mti wa Cheri

Juu ya jiko la kuni la kambi ile, kule milimani Pennsylvania, kulikuwa na ubao wa msonobari wenye majina ya watu na miti yao. Kila mwindaji alikuwa na mti wake, na sheria yake ilikuwa fupi: mti ni wako maadamu unaupanda siku ya kufungua msimu wa kuwinda kwa upinde na kukaa juu mpaka saa sita mchana. Ukikosa mwaka mmoja, mkuu wa kambi, Mzee Merle Hockenberry, anachora mstari wa chaki mbele ya jina lako. Ukikosa mwaka wa pili, jina linafutwa na mti unapigiwa kura.

Mbele ya jina la Verlin Stahlman kulikuwa na mstari mmoja.

Mti wake ulikuwa mti wa cheri uliolala upande bila kuanguka, juu kidogo ya bustani ya matufaha iliyoachwa porini. Baba yake aliwindia juu yake miaka thelathini, naye Verlin ishirini na miwili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mpole, mzito wa maneno. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na huko ndiko mguu wake ulikoharibikia. Gogo la mwaloni liliteleza kutoka kwenye rundo likamsaga kifundo cha mguu wa kushoto. Madaktari walikiunga kwa bamba la chuma na skrubu tisa. Kilipona, ila hakikujikunja tena. Wayo ulisimama pembe moja tu na mguu, kama kiwiko cha bomba, na msimu wote uliofuata Verlin aliumalizia kwenye kiti cha sebuleni.

Mwaka huu shemeji yake, Dwight Kepner, alikuwa amekwisha kumpangia mambo. Dwight ni kaka wa mke wake, mtu wa mwili na sauti kubwa, mwenye moyo mzuri na mdomo usiofungwa. Alikuja nyumbani mwezi wa nane, akaketi barazani, akala vipande viwili vya pai ya tufaha, kisha akaanza kukisifia kibanda cha chini. Kibanda hicho cha mbao kilikuwa kando ya njia, na ndimo walimowindia wazee wa kambi waliokwisha kuacha kupanda.

"Shemeji, mle ndani kuna kiti cha kukunja na jiko la gesi," alisema. "Unakunywa kahawa yako ya moto huku kulungu wanakuja wenyewe. Mimi ningekuwa wewe, nisingesubiri mtu anisihi."

"Na mti wa cheri?" aliuliza Verlin.

Dwight alijifuta makombo mdomoni. Akasema mti wa cheri haungekaa mtupu, asiwe na wasiwasi, kuna mtu angeutunza. Hakuhitaji kumtaja.

Dwight alipoondoka, Nadine, mke wa Verlin, alitoka jikoni na kisu cha kumenyea, akamtazama kwa muda. Alimjua. Akasema, "Haya, sema unataka kununua nini."

Alichotaka kilikuwa njia ya kusimama. Tandiko la kuwindia alikuwa nalo tayari, alilolinunua kiti cha zamani cha mtini kilipooza. Ni ule mkanda mpana wa kitambaa kigumu unaoshika makalio na kufungwa kwa kamba kwenye shina, ili mtu aegemee nyuma hewani, uso wake ukiutazama mti, nusu amekaa na nusu amesimama. Makalio yake hayakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa chini, kwenye kitu cha kukanyaga. Mtu akiegemea nyuma, miguu yake inalala, na kifundo kizima hujikunjua ili wayo ubaki umelala kwenye kijukwaa kinachofungwa shinani. Kifundo cha Verlin hakikuwa na habari hiyo. Kwenye kijukwaa kilichonyooka alisimamia kisigino peke yake, vidole vikiwa vimeinuka hewani, na uzito wote ukapita kwenye zile skrubu.

Alikwenda dukani mjini. Walikuwa wamesimamisha gogo katikati ya duka, vijukwaa vya kila aina vimefungwa, mtu ajaribu. Muuzaji, kijana mchangamfu, alimwuliza anatafuta nini hasa. Hapo ndipo pa kusema, mguu wangu haujikunji. Lakini nyuma yake walikuwa watu watatu wanasubiri, mmoja wao anamfahamu, na Verlin alikuwa mtu wa kuona haya hata kumwomba mhudumu chumvi. Akasema anatafuta chepesi. Akauziwa kijukwaa chepesi kuliko vyote, kidogo kama jalada la kitabu.

Nyumbani alikifunga kwenye mti wa uani, nusu mita kutoka ardhini, akavaa tandiko, akaegemea. Nadine aliketi barazani akimenya matufaha, na saa ya jikoni ya kupimia keki iko pembeni yake. Ukingo wa kile kijukwaa uliuma wayo kama meno. Dakika kumi na moja, akashuka.

"Ulianguka au ulishuka?" aliuliza Nadine bila kuinua macho.

"Nilishuka."

"Basi afadhali. Maana hapo ungeanguka kimo cha paka."

Akajaribu vikanyagio vya mzunguko, vyuma vitano vyenye upana wa kiganja, vilivyopangwa kwenye mkanda mmoja unaozunguka shina. Hivyo vilimpendeza kwa jambo moja: mtu aliweza kutembea kuuzunguka mti, hatua kwa hatua, na kupiga mshale upande wowote. Mguu wa kulia ulivifurahia. Wa kushoto, usioweza kujipinda ili kutafuta pa kushika, uliteleza mara tatu, na mara ya tatu akagonga goti kwenye shina hadi likavimba.

Mwisho akaenda kuazima kijukwaa kikubwa cha Dwight, cha alumini, kipana kama sinia la kuokea. Dwight alimpa bila kinyongo. Alimwambia akitunze, kwa kuwa mwakani kitakuwa na kazi kwenye mti wa cheri. Kilikuwa kizito, na kila Verlin alipohamisha uzito kililia kwenye gamba la mti, mlio mkavu ambao kulungu angeusikia akiwa kijiji cha pili. Lakini kilikuwa na nafasi. Pale palikuwa na mahali pa kufanyia kazi.

Wiki sita alifanya kazi gereji kila jioni baada ya kula. Alikata kabari ya mwaloni mweupe, nene upande wa vidole vya mguu na nyembamba upande wa kisigino, ili wayo wa kushoto uinuke mbele na kifundo kipate ile pembe yake moja. Ya kwanza ilikuwa na unene wa vidole vitatu, ikazidi. Ya pili vidole viwili, ikapungua kidogo. Ya tatu akaipiga randa nyembamba nyembamba, akipanda na kushuka, mpaka siku moja aliegemea akasikia kimya mguuni. Hakutoboa tundu hata moja kwenye alumini. Aliwahi kuona kiwandani jinsi tundu dogo linavyoanzisha ufa, na ile alumini ndiyo iliyokuwa kati yake na ardhi. Aliifunga kabari kwa mikanda miwili na vifungo vya chuma. Juu yake akagundisha kipande cha mpira wa mkanda chakavu wa kusafirishia magogo, na mpira mwingine akauweka pale kijukwaa kilipogusa gamba. Mlio ukafa. Kisha akachukua kimoja kati ya vile vikanyagio vya mzunguko, akakifunga upande wa kulia wa shina, chini kidogo ya kijukwaa, kiwe hatua ya pembeni kwa mguu mzima.

Saa ya keki ililia baada ya dakika sitini, naye bado yuko juu. Nadine akaiwasha tena. Ililia tena. Mara ya tatu Nadine alisimama akasema chakula kimepoa, na kama anataka kulala huko atamletea blanketi. Verlin alishuka anacheka. Tangu ajali, Nadine alikuwa hajamwona akicheka hivyo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu alikwenda kambini kujaribu kwenye mti wenyewe. Dwight na Mzee Merle walikuwa wakipasua kuni. Aliwapungia mkono, akapanda mlima polepole na mzigo wake, akafunga shinani vijiti vya kupandia, vipande vya ngazi vya chuma, akapanda mita tano huku kamba imezunguka shina tangu ardhini. Akafunga kijukwaa upande wa mgongo wa mti, upande ule ule wa baba yake, akakanyaga.

Maumivu yalimpiga mpaka akaona nyota.

Alidhani kabari imehama. Haikuhama. Akaitazama muda mrefu, kisha akautazama mti, na ndipo akaona kosa lake, akajionea aibu ingawa hapakuwa na mtu. Wiki sita alikuwa amepima kila kitu kwenye mti wa uani, mti ulionyooka kama mlingoti. Huu umelala. Upande wa mgongo, kijukwaa chochote kinainuka nje na kushuka ndani. Vidole vyake vilikuwa vimeelekezwa chini, na kabari yake nzuri haikutosha hata nusu. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa pale bila kuuona mlalo ule, maana alikuwa akikalia kiti cha mbao cha baba yake, na baba yake alikikata miguu kwa mlalo ule ule kabla Verlin hajawahi kupanda. Mabaki ya kiti yalikuwa bado yamepigiliwa karibu na goti lake, ubao mmoja umekatwa mshazari. Mtu alikuwa ameshalifikiria jambo hili zamani, na hakumwambia, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Alishuka. Dwight alikuwa amepanda kuja kutazama, akamkuta ameketi kwenye mizizi ameshika kifundo. Kwa mara ya kwanza hakumtania. Alimwambia kwa upole, "Shemeji, umejaribu. Hakuna atakayekucheka. Njoo tunywe kahawa."

Upole ule ulimuuma kuliko utani wote wa mwezi wa nane. Alisema atakuja baadaye kidogo, na Dwight akatelemka peke yake.

Verlin alibaki anaitazama ile cheri kutoka chini, hana la kufanya. Ukiwa chini huuoni mgongo wa mti uliolala. Unaona tumbo lake. Hakuna mtu aliyewahi kuwindia kwenye tumbo la mti ule, maana kiti hakikai hapo. Ukipigilia kiti kwenye tumbo, mtu anamwagika. Lakini yeye hakuwa na kiti. Alikuwa na tandiko na kamba. Akainua kiganja chake hewani, akakiegemeza kwenye shina upande wa tumbo kama vile ni kijukwaa, akaona kinavyolala: ndani juu, nje chini. Vidole juu, kisigino chini. Mti wenyewe ulikuwa kabari.

Akapanda tena upande wa pili, taratibu zaidi, kwa kuwa tumbo linamsukuma mtu nje na kila kijiti kilihitaji kufungwa mara mbili. Akakivua kijukwaa mgongoni, akakizungusha, akakifunga tumboni, akaondoa kabari, akakanyaga kwa mguu wa kushoto akiwa na wasiwasi kama mtu anayejaribu barafu ya bwawa mwezi wa kumi na mbili. Akaegemea. Kimya. Mguu ulilala pale kana kwamba umekatiwa mahali pake.

Sasa mguu wa kulia, ule mzima, ndio uliolalamika, maana mlalo uliomfaa kilema ulimchosha mzima. Verlin akacheka peke yake juu ya mti. Akachukua kabari ile ile aliyoihangaikia wiki sita, akaigeuza, unene ukawa upande wa kisigino, akaifunga chini ya mguu wa kulia. Ikasawazisha. Na alipoinua macho aliona kitu kingine. Baba yake alikaa ameupa mti mgongo, mwili wake wote mbele ya kila kulungu. Yeye alikuwa amejificha nyuma ya shina lenyewe, anachungulia njia ile ile ya bustani ya matufaha kama mtu anayechungulia nyuma ya mlango.

Aliporudi kambini kahawa ilikuwa imekwisha. Akaketi karibu na jiko kuvua viatu, siri yake moyoni. Dwight alidhani ni huzuni, akamkatia soseji ya kulungu kipande kikubwa.

Siku ya kufungua msimu walitoka saa kumi na moja alfajiri, kila mtu na mti wake. Mzee Merle, wa miaka themanini na mmoja, alielekea kibanda cha chini na blanketi begani. Alimwuliza Verlin kama amwachie kiti cha pili. Verlin alimshukuru, akasema hapana, akashika njia ya juu. Dwight alitikisa kichwa, akaenda kwenye mwaloni wake, mita mia tatu upande wa pili wa bustani.

Kulipopambazuka kulikuwa na umande na baridi ya kuuma masikio. Saa mbili ikapita, saa tatu. Majike wawili walipita kwa mbali. Saa nne alisikia upande wa Dwight mlio wa mshale ukigonga mti, sauti ambayo haifanani na nyingine yoyote, kisha kulungu wakikimbia. Saa tano mguu ulianza kuchoka, lakini ulikuwa uchovu wa kawaida, uchovu wa mtu aliyesimama, na Verlin aliufurahia kama rafiki aliyepotea. Hata asipomwona kulungu mwingine, alihesabu, saa moja tu na mti ni wake.

Dakika ishirini kabla ya saa sita, dume alitoka kwenye matufaha. Huenda ndiye aliyekoswa na Dwight. Alitembea akitazama nyuma. Pembe zake zilikuwa na matawi manne kila upande. Alikuja upande wa kulia wa mti, upande mbaya kwa mtu anayevuta uta kwa mkono wa kulia. Ili ampate, Verlin alipaswa kugeuza kifua, kupitisha upinde juu ya kamba, kuweka mguu wa kulia kwenye kile kikanyagio cha pembeni, na kujisukuma nje kwa mguu wa kushoto peke yake. Skrubu tisa, na mwili wake wote juu yake.

Alijisukuma. Mpira haukulia. Mguu ulishika. Aligeuka kama mlango uliotiwa mafuta, akavuta, na dume akasimama kunusa tufaha lililooza, hatua kumi na nane kutoka kwenye shina. Mshale ulipita nyuma tu ya bega. Dume aliruka, akakimbia mpaka ukingo wa bustani, akasimama, miguu ikamlegea, akaanguka Verlin akimwona.

Hakushuka. Alibaki ameegemea kwenye tandiko lake mpaka aliposikia filimbi ya Mzee Merle ya saa sita kutoka chini. Sheria ni sheria. Ndipo akashuka.

Kambini kulikuwa na kengele ya zamani ya shule, na mwenye kupata kulungu huipiga. Katika miaka yake yote Verlin alipopata alimwomba mtu mwingine ampigie. Hakupenda watu wote wamgeukie kwa wakati mmoja. Siku hiyo Dwight alimsaidia kuburuta dume mpaka uani, akanyoosha mkono kwenye kamba ya kengele kwa mazoea. Verlin alimtangulia. Aliipiga mara moja, kwa nguvu, mpaka kunguru wakaruka kwenye paa.

Kisha likaja lile jambo jingine. Kwenye kambi ile, aliyepiga mshale akamkosa kulungu hukatwa pindo la shati, na pindo hutundikwa ukutani pamoja na jina lake na tarehe. Mkasi hushikwa na aliyepata. Dwight alisimama katikati ya chumba, amegeuza mgongo, shati limetoka nje ya suruali.

"Kata kidogo, shemeji," alisema. "Hili shati Nadine alinipa Krismasi."

"Basi atafurahi kuliona kila mwaka," alisema Verlin, akakata kipande kipana kama kitambaa cha mezani.

Watu walicheka mpaka wakashika meza. Dwight alicheka kuliko wote. Halafu akamshika Verlin bega, akamwuliza kwa sauti ndogo, ambayo si kawaida yake, alisimamaje kule saa sita zote, na kwa nini yeye alipoitazama ile cheri kutoka kwenye mwaloni wake hakuona mtu mgongoni.

"Ulitazama mgongo," alisema Verlin. "Mimi nilikuwa tumboni."

Ikabidi aeleze. Alieleza vibaya, akijikwaa, macho kwenye viatu, kisha akaona ni rahisi zaidi kuonyesha, akaleta kijukwaa chenyewe na kabari yake akaviweka juu ya meza kati ya vikombe. Kijukwaa chako hiki, alimwambia Dwight, naomba nikinunue. Dwight alisema hauzi. Anampa.

Mzee Merle alikuwa amesimama kwenye kiti mbele ya ubao wa msonobari. Alilamba kidole gumba, akaufuta ule mstari wa chaki mbele ya jina la Stahlman, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati. Aliposhuka alikuja mezani, akaiokota kabari, akaigeuza geuza, akabonyeza mpira wake. Alitazama dirishani kuelekea kibanda cha chini, alikokaa misimu sita sasa na jiko la gesi.

"Goti langu halinyooki mpaka mwisho," alisema kama anazungumza na kabari. "Nadhani kitu kama hiki ni cha vijana."

Verlin alivuta penseli ya seremala iliyokuwa nyuma ya sikio lake, akatafuta karatasi, akaikosa, akapindua sanduku tupu la mishale ili achoree hapo.

"Goti lipi, Mzee?" aliuliza.